Kaseti Namba Nne ya Mwalimu

Kwa Mwalimu ulinawa mikono kabla ya kuonyeshwa kompyuta. Mlangoni kulikuwa na beseni, jagi la maji, kipande cha sabuni ya kufulia, na taulo imetundikwa kwa msumari. Mgeni akifika mara ya kwanza anafurahi, anajua chakula kiko karibu. Ananawa mpaka viwiko, anakaa, anaanza kutazama upande wa jikoni. Halafu Mwalimu anafunua leso iliyo juu ya meza, na chini ya leso hakuna sahani ya muthokoi, kuna mashine. Nimewaona wanaume wazima wakikaa hapo saa nzima, mikono safi juu ya magoti, wakitazama herufi za kijani zikitembea kwenye kioo, na matumbo yananguruma.

Mimi pia nilinawa hivyo siku ya kwanza. Nilikuwa nimekuja kumwambia kwamba mbuzi wamelala katikati ya kiwanja cha ndege, na yeye nilikuwa nimemwona asubuhi akitia mafuta kile kindege chake.

"Umewafukuza?" akaniuliza.

"Nimewafukuza."

"Ukawaelekeza wapi?"

"Kule upepo unakoenda, Mwalimu. Wewe huwa unaondoka ukiuelekea upepo. Wakirudi watakuwa nyuma yako."

Akanitazama kwa muda, kama mtu aliyeokota kitu njiani na hajui kama ni chake. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kiwanja. Yeye aliniita Bwana Kiwanja, watu wa soko la Mutomo wakafuata, na mpaka leo wajukuu wangu huulizwa kama ni wa Bwana Kiwanja.

Sitaeleza Mwalimu alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani. Hayo yana wenyewe. Nitaeleza vile nilivyomjua mimi, mtu aliyeishia darasa la tatu, na nitaeleza pia vile nilivyomkosea. Maana nilimkosea. Ni mambo ya kaseti moja, kaseti ya kawaida hii ya kuchezea nyimbo, na nilikaa nayo moyoni miaka kumi na mbili, nikimwona karibu kila wiki, bila kumwambia. Nitafika hapo. Lakini nikianza na hiyo mtanikasirikia mimi, na hamtamwona yeye.

Alikuwa mwalimu wa sayansi mpaka akastaafu. Darasani sikuwahi kumwona, lakini waliofundishwa naye wanasema hakuwahi kupiga mtoto na bado walimwogopa. Kompyuta alikuwa nazo saba. Zote ni za zamani, za wakati ambao huku kwetu hata simu ya waya ilikuwa posta peke yake. Nyingine ilitoka kwa ofisi iliyokuwa inatupa vitu, nyingine kwa shule, nyingine ilibebwa na mjomba wake ndani ya gunia la mbaazi kutoka mjini Wote. Moja haikuwa na kioo chake, alikuwa anaiunganisha na televisheni. Moto wa umeme alitoa kwa sola na betri ya gari. Vumbi alipangusa kwa brashi ya kunyolea ndevu, na ndevu zake mwenyewe alinyoa kwa wembe mkavu kwa sababu brashi ilikuwa na kazi.

Watu walikuwa wanamwambia, "Mwalimu, siku hizi kuna ndogo za kuingia mfukoni." Anajibu, "Hiyo ya mfukoni inanificha. Hii naiona ikifikiri." Simu alikuwa nayo, ya kubonyeza, lakini aliiweka ndani ya mkebe wa majani chai, imezimwa. Mtoto wake wa Nairobi akitaka kuongea na baba yake alimpigia mke wangu, Mama Mwende, na Mama Mwende ananituma mimi, na mimi naenda kusimama dirishani: "Mwalimu, mtoto wako yuko kwa simu yetu." Anakuja mbio, anaongea akisimama wima kama anaimba wimbo wa taifa, anashukuru, anarudi kwa mashine zake.

Alikuwa na neno moja ambalo alilirudia mpaka likawa kama jina lake. Ukimletea kitu kilichoharibika, ukasema hakifanyi kazi, anakukata. "Usiniambie hakifanyi kazi. Niambie kinafanya nini."

Mama Mwende alimpelekea redio.

"Mwalimu, imekufa."

"Inafanya nini?"

"Haifanyi kitu."

"Hakuna kitu hakifanyi kitu, Mama Mwende. Hata jiwe linafanya kitu. Linakaa."

"Basi inakaa."

Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Redio aliitengeneza hapo hapo, ni waya ulikuwa umekatika. Lakini mwezi mzima nikipita aliniuliza, "Bado inakaa?"

Sasa huyu mtu ambaye alikuwa anaruka angani hakuwa anapanda ngazi. Ngazi hata ya vidato vitano ilimtoa jasho. Nikamuuliza siku moja, kule juu huogopi, na ngazi je? Akaniambia kule juu amekaa kwa kiti. Boda boda pia hakupanda. Alikuwa anatembea mpaka sokoni na kurudi, mwenye ndege yake mwenyewe, na vijana wa boda wanamwita: "Mwalimu, leo umeacha ndege nyumbani?" Anawainulia kofia.

Hiyo ndege ilikuwa ya viti viwili, ya daktari mmoja mzungu aliyekaa huku kwetu miaka mingi. Yeye ndiye aliyemfundisha, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka akapelekwa Nairobi kufanyiwa mtihani akapata laisensi. Daktari alipozeeka akarudi kwao, akamwachia. Mabawa yake hayakuwa ya chuma. Yalikuwa kitambaa kimevutwa kwa nguvu na kupakwa dawa ya kukausha, na kitambaa kikipasuka Mwalimu anashona kwa sindano, miwani puani, kama mama anashona sare ya shule. Watu waliona hivyo wakakataa kabisa kupanda. Mimi nilipanda mara moja. Tuliposhuka akaniuliza, "Umeona silanga ya maji ya kwenu ilivyo ndogo?" Nikamwambia ukweli: "Mwalimu, nimeona giza. Nilikuwa nimefunga macho."

Ningekosea nisipotaja pia ya pasta. Mwaka mmoja mvua ilikataa, ndengu zikakaukia chini, na wazee wa kanisa letu wakakaa wakaona kwamba maombi yanatoka mbali sana. Wakamwomba Mwalimu ampandishe pasta juu, aombee karibu. Mwalimu hakukubali upesi. Alisema mvua ni mambo ya bahari na upepo. Mzee mmoja akamjibu, "Na bahari na upepo ni mambo ya nani?" Akashindwa, akampandisha. Pasta alipanda amevaa suti. Waliposhuka, suti ilikuwa imelowa, na yeye alishika nguzo ya bawa akakataa kuiachilia mpaka tukamletea maji ya kunywa. Baada ya siku mbili mvua ilinyesha kubwa, lakini ng'ambo ya mto Athi, upande wa Makueni. Kukawa na maneno makali kanisani. Wengine walisema pasta aliomba akiangalia upande usiofaa. Mwalimu ndiye aliyemtetea. Alisimama akasema, "Mnisamehe mimi. Mimi ndiye nilikuwa nashika usukani."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Lawama ikiwa inatafuta mtu, yeye anainua mkono. Mliweke hilo akilini.

Kazi yangu sasa. Kiwanja chetu ni cha udongo, hakina ua, na mbuzi wanakipenda kwa sababu kina jua na hakina miiba. Ndege ikiwa juu haisikii mtu wa chini. Kwa hivyo Mwalimu alinipa shuka nyeupe, shuka ya kitanda, nzima. Akiwa anarudi, mimi nafukuza mbuzi, natazama matope, natazama watoto wa shule, halafu kama kiwanja kiko wazi naitandika shuka yote chini, na mawe kwenye pembe. Akiiona imetandikwa, anatua. Kama kuna kitu, naikunja mara mbili, iwe ndogo. Akiiona imekunjwa hatui. Anazunguka. Anainama kushoto, anakwenda mduara mkubwa, anarudi kutazama. Mara tatu. Mara ya tatu ikiwa bado imekunjwa, anakwenda kutua mbali, mjini Kitui, na anarudi kwa gari.

Hakuwahi kuniuliza kwa nini nimekunja. Siku moja nilikunja kwa sababu ya kobe. Kobe mmoja, amesimama katikati, na mimi naogopa kumshika kwa sababu kobe huku kwetu ana maneno yake. Mwalimu akazunguka mara mbili mpaka kobe akamaliza kuvuka. Akatua, nikamweleza, nikidhani atanicheka. Akasema, "Vizuri. Shuka ikisema kuna kitu, kuna kitu. Siku itakaposema uongo, mimi nimekufa."

Na haikuwahi kusema uongo. Miaka hiyo yote. Ningeapa juu ya kitu chochote.

Alikuwa anaruka kwenda wapi? Watu walifikiri anafurahisha roho, na ni kweli, alikuwa anashuka akiwa kijana. Lakini miezi ya kiangazi alikuwa na kazi. Alifunga karatasi kwa paja lake na mpira wa tairi, na kila alipoona maji alichora. Silanga ambazo hazijakauka, mashimo ya maji juu ya miamba, mahali mchanga wa mto una rangi ya unyevu. Toka upande wa Kyuso mpaka chini huku kwetu, na ng'ambo ya Athi mpaka Kibwezi. Akirudi ananawa mikono anaingiza kwa kompyuta, na karatasi inakwenda kuwasha jiko. Miaka na miaka. Mwishowe mashine ikawa inajua. Ukiiambia uko wapi na ni mwezi gani, inakupa maji matatu yaliyo karibu, na siku ngapi za kutembea. Siku hizo hazikuwa za mtu. Zilikuwa za ng'ombe, ng'ombe aliyechoka. Alikuwa ametembea nyuma ya ng'ombe yeye mwenyewe na saa mkononi kupima.

Mtu aliyeitumia sana ni Abdullahi. Huyu alikuwa mchuuzi wa mifugo, watu wake ni wa kaskazini mashariki, na yeye ana duka Kyuso. Alikuwa ananunua ng'ombe kule anawashusha kwa miguu mpaka kwetu, halafu wanavuka kwenda Makueni kwenye barabara kubwa. Mara ya kwanza alinawa mikono kama sisi wote, akasubiri chakula kama sisi wote. Alipoona mashine akasimama. "Mwalimu, mimi babu yangu alijua maji kwa pua."

"Babu yako alipoteza ng'ombe wangapi?"

Abdullahi akafikiri. "Wengi," akasema, akakaa tena.

Alifuata karatasi ya Mwalimu safari hiyo, na hakupoteza hata ndama. Tangu hapo kila kiangazi alikuja. Analeta maziwa ya ngamia ndani ya chupa, Mwalimu anakunywa amefunga pua kwa adabu, wanakaa mbele ya kioo cha kijani wanabishana juu ya mwamba fulani kama una maji ama hauna.

Sasa kaseti.

Hizo mashine za zamani, moto ukizimwa zinasahau kila kitu. Kwa hivyo alichoandika Mwalimu alikiweka kwenye kaseti. Anaunganisha redio ya kaseti na kompyuta kwa waya, anabonyeza, na maneno yanaingia kwenye utepe kama sauti. Hii leo naieleza vizuri. Wakati huo sikuijua. Nilikuwa nimeona redio hapo mezani, nikadhani anapenda muziki.

Mwaka mmoja mabati yake yalianza kuvuja, na kwa vile yeye na ngazi hawapatani, mimi ndiye niliyepanda. Ilikuwa kazi ya siku nne. Vitu vya ndani tulivihamisha, na mimi akanipa boksi ya kaseti. "Kaa nayo kwako, Bwana Kiwanja. Kwako hakuvuji." Kaseti tisa, zimeandikwa namba.

Nilikaa nazo siku moja. Siku ya pili nikaweka moja kwa redio yetu. Ilipiga kelele ambayo sijawahi kusikia, kama bati linakokotwa juu ya mawe, halafu kama chura, halafu kama filimbi iliyokasirika. Nikatoa, nikaweka nyingine. Vile vile. Mama Mwende akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Unaua nani?" Nikamwambia kaseti za Mwalimu zimeingia maji, zimeharibika zote, na maskini hajui. Ya nne ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Ililia bila kupumzika upande wa kwanza mpaka mwisho.

Na wiki hiyo kwaya ya akina mama ilikuwa inajitayarisha kwenda Tulia kwa mashindano ya kanisa. Mama Mwende ndiye alikuwa anaongoza. Walitaka kujirekodi wajisikie wanakosea wapi, na kaseti tupu dukani zilikuwa zimeisha, wakati huo zilikuwa zimeanza kupotea. Akatazama boksi. Nikatazama boksi.

Watu wa rika langu watakumbuka kwamba kaseti ina meno mawili madogo juu. Ukiyavunja, redio inakataa kurekodi juu yake. Mwalimu alikuwa ameyavunja meno ya zile tisa zote. Na sisi sote tulijua dawa yake, kila nyumba ilikuwa inafanya. Unaziba matundu na karatasi. Nilichukua karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, nikaitafuna, nikaziba. Vidole hivi. Wanawake wakaimba nyimbo sita juu ya kaseti namba nne, sebuleni kwangu, na mimi nikiwashikia redio.

Hata sikuiba. Hilo ndilo linanichekesha vibaya. Kabla ya kurudisha boksi nilipata kaseti mpya Kitui mjini, nikaandika 4 kwa kalamu ile ile, nikaiweka mahali pake kwenye boksi. Nilijiona mtu mwema. Nilimtolea mbovu nikamrudishia mpya, na nilingoja aniambie asante.

Miezi mitano ikapita. Kiangazi kikaingia, na kilikuwa kibaya. Abdullahi akaja na wasiwasi usoni, ng'ombe wake walikuwa tayari njiani na wachungaji wawili. Mwalimu akaweka kaseti namba nne, ile ya maji. Mimi nilikuwa mlangoni, ndio nanawa. Mashine ikaandika kwamba inatafuta. Ikatafuta. Abdullahi akamaliza chai. Mwalimu akarudisha utepe nyuma, akaanza tena. Ikatafuta. Akachomoa waya, akaisikiliza kwa sikio. Kimya. Akaweka ya tano, ambayo ilikuwa ya mambo mengine, akachomoa waya, na kile kilio cha bati na chura kikajaa nyumba.

"Unasikia hiyo?" akamwambia Abdullahi. "Hiyo ndiyo kuongea kwake. Inafaa kulia hivyo. Hii namba nne haisemi kitu. Imekufa."

Nilisimama na maji yakinitiririka kwa viwiko. Taulo ilikuwa karibu, sikuichukua.

"Hakuna nyingine?" Abdullahi akauliza.

"Ilikuwepo. Niliiacha mwaka jana ndani ya ndege, juani, ikajikunja kama jani. Na hii pia nadhani nilitembea nayo siku moja. Ni jua. Ni mimi." Akaitoa, akaishika kama yai. "Ni mimi, Abdullahi. Nisamehe."

Ningesema hapo. Mdomo niliufungua, naapa. Lakini Mama Mwende bado alikuwa anacheza ile ya kwaya kila Jumapili jioni, na nyimbo zilikuwa juu, na cha chini hakirudi. Mwalimu mwenyewe alishanieleza siku nyingine kwa mambo mengine: ukiandika juu, cha chini kimekwenda. Nilijiambia kusema hakutaongeza tone moja la maji. Nikanyamaza, na kila siku niliyonyamaza ikafanya ya kesho iwe ngumu zaidi.

Abdullahi alikwenda kwa kukisia. Ng'ombe wengi walibaki njiani. Yeye hakumlaumu Mwalimu, aliendelea kuja, lakini bila maziwa ya ngamia, maana alikuwa ameuza ngamia pia.

Mwalimu akaanza upya. Umri ulikuwa umeenda, sukari ilikuwa imempata, na macho yalikuwa yameanza kumwacha. Nililijua hilo kabla ya mke wake, Mama Kioko, kwa sababu alianza kupita chini sana juu ya shuka kabla ya kuamua. Nikamwambia, "Mwalimu, si upumzike?" Akasema, "Nilipoteza maji ya watu. Nitayarudisha." Karatasi kwenye paja, mpira wa tairi, kama zamani. Kila alipopaa nilikuwa nasimama kiwanjani na shuka mikononi, na kaseti kooni.

Safari ya tisa ama ya kumi, nilifukuza mbuzi, nikatazama, kila mahali pako wazi. Nikatandika shuka, mawe manne. Alikuja vizuri kabisa, lakini kando. Alitua nje ya kiwanja, kwenye vichuguu, kana kwamba kiwanja kilikuwa kimehama. Gurudumu likakatika, propela ikachimba chini, vumbi likapanda. Nilipofika alikuwa ameshashuka mwenyewe, mdomo unatoka damu, anatafuta miwani kwa mikono.

"Bwana Kiwanja. Shuka ilikuwa imetandikwa?"

"Ilikuwa, Mwalimu."

"Wazi kabisa?"

"Wazi kabisa."

Akatikisa kichwa. "Basi ni mimi."

Mara ya pili hiyo. Watu wa laisensi walikuja, daktari wa macho akapima, ikawa mwisho. Ndege tulivuta kwa ng'ombe mpaka nyuma ya nyumba yake, na hapo iko.

Miaka imepita. Mama Mwende alikufa, na kaseti ya kwaya ilikuwa imeliwa na redio ya kanisa kabla yake. Abdullahi siku hizi anabeba ng'ombe kwa lori. Mtu angesema hakuna anayehitaji kitu tena, niache. Lakini sokoni bado namsikia Mwalimu akisimuliwa: yule aliyekuwa na maji yote ndani ya kaseti akaiacha juani. Wanacheka bila ubaya. Yeye mwenyewe akiulizwa anasema hivyo hivyo, niliiacha juani. Na macho sasa yamefunga kabisa.

Mwaka huu, ndengu zikishavunwa, nilimwendea. Beseni bado liko mlangoni. Nikanawa.

"Unanawa ya nini?" Mama Kioko akaniuliza, akipepeta. "Kompyuta haijawashwa, na chakula hakijaiva."

"Mazoea, mama."

"Nenda nyuma. Amepaa tangu asubuhi."

Alikuwa ndani ya ndege, kwenye kiti chake, kofia kichwani, mkono kwenye usukani. Kuku amelalia mayai kwenye kiti cha pili. Bawa limetoboka mahali pengi, jua linaingia kwa vitobo linamwangukia magotini. Alinisikia viatu.

"Bwana Kiwanja."

"Ndio, Mwalimu."

"Umekuja wakati mzuri, ndio narudi." Alikuwa anacheka kidogo, na pia hakuwa anacheka. "Niambie. Shuka imekaaje leo?"

Ni mchezo wake, Mama Kioko aliniambia anauliza hata wajukuu. Wote wanamwambia imetandikwa, babu, tua, chakula tayari. Mimi pia ningeweza. Nilishika nguzo ya bawa, pale pale alipokuwa ameshika pasta.

"Imekunjwa, Mwalimu."

Mkono wake ukatulia.

"Kuna nini? Mbuzi?"

"Si mbuzi."

"Kobe?"

"Ni kaseti. Ile namba nne."

Nikamwambia yote. Boksi, kelele, kwaya, karatasi, kaseti mpya niliyoiandika kwa mkono wangu. Nilisema haraka na vibaya, nikirudia mahali. Hakunikata. Nilipomaliza, kuku alijigeuza juu ya mayai yake, na tukamsikia.

"Uliziba matundu," akasema.

"Niliziba."

"Na nini?"

"Karatasi ya sigara. Niliitafuna."

"Nilivunja yale meno kwa mkono wangu ili mtu asiweze."

"Najua, Mwalimu."

"Basi haikuwa jua."

"Haikuwa jua."

"Na haikuwa mimi."

"Haikuwa wewe. Na bila mimi, siku ile ya vichuguu hungekuwa unaruka."

Alikaa. Vidole vilikuwa vinapapasa paja, pale alipokuwa anafunga karatasi. Halafu akauliza kitu ambacho mpaka leo sijui alikiuliza kwa nini.

"Walishinda? Kule Tulia?"

"Walikuwa wa pili."

"Wa pili," akasema. Akavuta kofia chini kidogo. "Haya. Kama imekunjwa, nazunguka."

Akainamisha usukani kushoto, polepole, na mwili wake wote ukainama nao, kama zamani. Nilingoja. Zamani ningejua la kufanya, ningefukuza, ningesogeza, ningerudi kuitandika shuka kabla ya mara ya tatu. Nilitazama mikono yangu, imenawa, haina kitu. Jua lilihama kutoka magotini kwake likaja kifuani, na usukani bado umeinama.

Mama Kioko akaita kutoka jikoni. "Bwana Kiwanja! Mwambie ashuke, chai imeiva!"

Nikamtazama.

"Bado, mama," nikajibu. "Anazunguka."